Uso wa Kuka Katika Tangazo la Bia

Mtu aliyeinua glasi kwenye ukuta ule wa Bungoma hakuwa ameshika bia. Alikuwa ameshika chai ya rangi iliyopoa, na juu yake povu la sabuni. Hayo niliambiwa na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, na yeye aliambiwa na mtu mwenyewe, aliyekuwa mume wake. Mtu huyo ni kuka, babu yangu. Alikufa wakati baba akiwa bado anatambaa. Hakuacha picha nyingine yoyote duniani isipokuwa hiyo ya ukutani, nami niliiharibu kwa mkono wangu, Ijumaa moja, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Aya hiyo nimeiandika mara tisa. Katika ile ya kwanza nilisema picha iliharibika, kana kwamba ilijiharibu yenyewe nami nilikuwa napita tu. Mimi ni mtu wa kurudia kitu mpaka kinyooke, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Lakini hapa siirudii tena.

Kazi yangu ni kuandika mabango Kitale. Sikusomea. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kunakili herufi za maduka kwenye magunia ya karatasi ya saruji, nikizipima kwa rula, halafu nikaanza kutazama video za mafundi wa mbali kwenye simu. Hakuna fundi aliyenishika mkono. Mtu aliyejifundisha hujua yale aliyoyatafuta. Yale asiyojua kwamba hayajui hakuna wa kumwonyesha. Nilijaza pengo hilo kwa kurudia. Mwalimu mkuu mmoja alinikuta nikifuta herufi R kwenye lango la shule kwa mara ya nne. Akaniambia shule inafunguliwa Jumatatu, R ikiwa sawa au isipokuwa sawa. Nilirudi usiku wa Jumapili moyoni tu, kitandani, nikiitazama ile R. Mpaka leo mguu wake ni mfupi.

Siku hizi watu wengi huchapisha mabango ya plastiki, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kukaa na simu. Humo nikakutana na watu wanaokusanya matangazo ya zamani ya bia, yale ya kabla ya uhuru na ya miaka michache baada yake. Vibao vya bati vilivyoliwa na kutu pembeni. Kurasa za magazeti zilizogeuka rangi ya ndizi mbivu. Kalenda. Mwanamume mmoja, shati jeupe, tai nyembamba, nywele zimechanwa kwa mstari upande mmoja, ameinua glasi na anakutazama wewe. Herufi zina kivuli upande wa kulia na zimelala kidogo kama nyasi zilizopigwa na upepo. Maneno ni machache: bia itakupa nguvu, bia ni ya mwanamume wa kisasa. Mimi sinywi. Nyumbani kwetu ni watu wa kanisa lisilokubali hata busaa, pombe ya nafaka, kwenye arusi. Lakini nilizipenda zile picha kwa sababu hakuna aliyezifanya kwa haraka. Nilikuwa nikizikuza kwenye kioo cha simu mpaka nione mahali brashi ilipoanzia na mahali ilipoinuliwa.

Desemba moja nilikuwa kijijini Matulo kwa kukhu, tunapukuchua mahindi. Nikamwonyesha mojawapo ya picha zile.

"Kwa nini anakunywa peke yake?" akauliza. "Amekosana na nani?"

"Ni tangazo, kukhu. Wanauza bia."

"Pombe ni ya watu wengi. Watu wanakaa, chungu iko katikati, kila mtu na mrija yake. Huyu anakaa kama mtu ameiba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliisukuma simu mbali na macho, akaivuta, akaisukuma tena.

"Kuka wako alikaa hivi," alisema.

Nilimjua kuka kama kaburi lililo nyuma ya migomba na kama neno ambalo baba hulisema kwa sauti ya chini. Siku hiyo ndipo niliposikia habari ya ukuta. Kuka alikuwa mpakiaji wa magunia stesheni ya Bungoma. Zamani Mwafrika alikatazwa bia ya chupa, ilikuwa ya wazungu. Halafu katazo likaondolewa, na ghafla wenye viwanda wakataka nyuso nyeusi kwenye matangazo. Akaja mchoraji na lori, anapita mji kwa mji akichora kuta za maduka. Alikuwa anatafuta mtu mwenye meno mazuri na shati safi. Kuka alikuwa na meno. Shati lilikuwa la mchoraji. Alikalishwa juu ya kreti alasiri mbili. Bia aliikataa kwa sababu ya kanisa, kwa hiyo wakamtilia chai, na kila povu la sabuni lilipokufa mchoraji aliteremka kwenye ngazi, akalipiga upya kwa kijiti.

"Kanisani walisemaje?" niliuliza.

"Walimsimamisha mbele ya watu. Akasema ilikuwa chai. Nani ataamini? Mtu ameinua glasi ukutani, Bungoma nzima inaona, na anasema ni chai." Sasa alicheka kidogo. "Wakamketisha benchi ya nyuma mwaka mzima. Mimi nilimpata huko nyuma. Nilikuwa nakuja kuchelewa."

Baada ya kuolewa, kukhu aliona haya. Kila alipokwenda sokoni Bungoma alizunguka kwa njia nyingine ili asimpite mume wake ameinua glasi. Kuka alipokufa, kwa homa iliyomchukua kwa siku nne, aliendelea kuzunguka.

"Kwanza nilikuwa na hasira," alisema. "Halafu nikawa na aibu. Halafu nikazoea tu ile njia ingine."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zikianguka kwenye karai, nami nilifikiri hadithi imekwisha.

"Sasa nimesahau sura," alisema. "Shingo nakumbuka, kwa sababu tulikuwa tunalima na yeye anatangulia. Sura imeisha. Na kipande yake ilikuwa na kidole tu, haikuwa na uso." Kipande ndicho kitambulisho cha enzi ya mkoloni, kilibeba alama ya kidole gumba. "Mama, wewe unajua mambo ya kuta. Enda uone kama bado yuko." Kukhu huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Kama ameoza, usiniambie ameoza. Sema tu hayuko."

Sentensi hiyo ya mwisho niliibeba vibaya. Yeye alikuwa anajikinga na maumivu. Mimi nilisikia agizo la kazi: awe mzima au asiwepo.

Nilikwenda Bungoma Alhamisi moja mwezi wa Februari. Nilitembea mitaa ya karibu na reli nikichungulia kila ukuta wa zamani, na karibu saa saba nikampata, ubavuni mwa duka la mawe ambalo sasa ni la dawa za mifugo na mbegu. Kwa miaka mingi kibanda cha mabati kilikuwa kimeegemezwa pale, cha kuwekea kreti na baadaye magunia, na kibanda hicho ndicho kilichomkinga na mvua. Kilikuwa kimebomolewa wiki iliyotangulia. Alikuwa mkubwa kuliko mtu. Shati lilikuwa limebaki begani. Glasi ilikuwepo, chai yake rangi ya kutu. Uso ulikuwa umefunikwa na masizi upande mmoja, lakini upande wa pili ulinitazama: jicho, shavu, sikio, na kile kicheko ambacho mtu hukitoa akiambiwa acheke.

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani, alitoka kuona ni nani ameanguka.

"Unamtazama huyo mlevi?" alisema. "Hata sisi tulimpata juzi tu, kibanda ilipotoka. Lakini Jumatatu anaenda. Watu wa kampuni ya simu wanakuja kupaka duka yote rangi yao."

"Si mlevi, madam. Ni babu yangu. Ni chai."

Nilimweleza yote, haraka haraka, nikichanganya mwisho na mwanzo. Alishusha miwani, akautazama ukuta upya.

"Haya, wewe fundi, sikia. Ukimfanya akae vizuri, nitawaambia hao watu wampite. Lakini akikaa hivi, kama ukuta ya choo, hapana. Wateja wangu ni watu ya heshima."

"Nitamaliza Jumamosi."

"Na hiyo glasi si unaweza kuifanya chupa ya dawa ya ng'ombe?"

Sikujua kama anatania, kwa hiyo nilisema nitafikiria.

Hapa ndipo penye kitu kinachoniamsha usiku. Nilimpiga picha. Nilimpiga picha kumi na moja. Jua lilikuwa limepita na kivuli cha paa kilimkata usoni kama kisu, na masizi yalionekana meusi kuliko yalivyokuwa. Sikutaka kukhu amwone hivyo. Nilikaa kwenye ngazi ya benki iliyo mkabala nikazifuta zote, moja baada ya nyingine, nikijiambia nitapiga nzuri kesho, baada ya kumsafisha, jua likiwa la asubuhi. Zilikaa kwenye kile kijalala cha simu pia, nikazifuta na huko, kwa sababu sipendi vitu vibaya vinibakie.

Jioni nilirudi Matulo. Kukhu alikuwa mlangoni.

"Yuko?"

"Yuko."

Aliketi. "Meno?"

"Meno yapo."

Aliniomba nimpigie baba simu Kitale, akamwambia kwa Lubukusu, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto, kwamba Jumapili baada ya ibada atakwenda Bungoma kumwona mume wake. Baba, ambaye ni karani na hazungumzi sana, alisema atatafuta gari.

Kila mwandika mabango wa huku kwetu huanza kwa kuosha. Kuta zetu zina vumbi jekundu na moshi, na rangi haishiki juu ya moshi. Maji, sabuni ya unga, brashi ngumu, unasugua mpaka maji yateremke meupe. Mimi nilikuwa na sifa ya kuosha kuliko wote. Wenzangu walinicheka kwamba naandaa ukuta kama maiti ya tajiri. Ila kila ukuta niliowahi kuuosha maishani niliuosha ili nizike kilichokuwa juu yake. Hakuna hata mmoja wetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, aliyewahi kuitwa kuhifadhi kitu. Sisi kazi yetu ni kufunika. Hilo halikunipita akilini Ijumaa ile. Nilisimamisha ngazi, nikashusha ndoo, nikafanya ninavyofanya siku zote.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamepanga pikipiki zao mkabala.

"Niaje, msanii. Ati unaosha ukuta? Si ungeanza na hiyo aproni yako?"

"Huyo mzee atashukuru bana. Hajaoga tangu Mau Mau."

"Sistee, ni babu yako ama ni mpenzi?"

"Babu," nilisema bila kugeuka.

"Basi pole. Msugue vizuri nyuma ya masikio."

Nilianza kwenye bega. Masizi yalitoka vizuri, na shati likawa jeupe hata mmoja wao akapiga mluzi. Nikapata moyo. Niliulowesha uso wote kwa sponji, nikauacha unywe sabuni kwa dakika chache kama desturi, nikashuka kubadilisha maji. Mchoraji wa zamani alikuwa ameupaka ukuta chokaa kwanza, kisha akachora kwa rangi ya mafuta juu yake. Chini ya rangi ile, kwa miaka yote hiyo, chokaa ilikuwa imegeuka unga. Begani ilikuwa bado imeshika. Usoni haikuwa imeshika kitu. Rangi ilikuwa imesimama peke yake kama ganda la yai. Maji yalipoingia, unga ukawa uji.

Nilipopanda tena, shavu lilikuwa limeshuka kidogo. Nilidhani ni macho yangu. Nikaweka brashi, kidogo tu, na shavu likaja nalo. Jicho likafuata, zima, likateremka polepole juu ya shati jeupe hadi kwenye kifungo cha pili, likakunjika, likaanguka. Nilijaribu kulizuia kwa kiganja. Niliukandamiza uso wake ukutani kwa mikono yote miwili, na kila nilipoondoa kidole, kidole kiliondoka na kipande. Sikulia wakati huo. Nilikuwa nikisema, "Ngoja, ngoja, ngoja."

Vijana wa bodaboda walishuka kwenye pikipiki zao. Mmoja wao alivuka barabara, akashika ngazi ili nishuke.

Ndani ya ndoo kulikuwa na maji ya kijivu, na magamba ya rangi ya kahawia yakielea.

Jioni kukhu aliuliza kama nimemwona mtu wake leo. Nilisema nimemwona. Aliuliza kama anaoshika. Nilisema anaoshika vizuri sana. Alikuwa amening'iniza kitambaa chake cheupe cha kanisani kikauke, na aliniomba nimkumbushe Jumapili asisahau miwani.

Ningeweza kusema pale. Mtu atakayesoma hapa atauliza kwa nini sikusema, nami nina jibu moja tu, nalo ni baya: niliona bado kuna siku moja, na siku moja nikiwa na brashi hainishindi.

Jumamosi nilichora uso. Nilikuwa na bega, glasi, na mstari mwembamba wa kidevu uliobaki. Mengine niliyatoa kwenye kumbukumbu ya Alhamisi, na kumbukumbu ilipokwama nilifungua simu nikatazama picha ya baba. Nilichukua jicho la baba nikalifanya kijana. Nilichukua pua ya baba. Nilifuta mdomo mara sita. Niliiga mapigo ya brashi ya yule mchoraji wa zamani, ambayo nilikuwa nimeyasoma miaka miwili kwenye kioo cha simu, na nikachafua rangi mpya kwa vumbi na chai ili ionekane imekaa. Ilipofika saa kumi nilishuka nikarudi nyuma hadi katikati ya barabara. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naona aibu kuandika kwamba kwa dakika moja, au chini ya hapo, nilifurahi.

Kukhu alifika Jumapili saa nane, baba akimshika kiwiko. Mwenye duka alikuwa ametoa kiti. Kukhu hakuketi. Alivaa miwani, akaenda karibu mno, akarudi nyuma, akaenda upande. Baba alisimama na kofia mkononi. Hakuwa na kumbukumbu ya sura ya baba yake, na sasa alikuwa anatazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona nyumbani.

"Mzee, huyo si ni wewe?" kijana mmoja wa bodaboda alimwambia. "Mmetoka sawa kabisa."

Baba alitabasamu kama mtoto.

"Ndiye," kukhu alisema.

Aliweka kiganja kwenye shavu. Rangi ilikuwa imekauka, nilihakikisha. Alizungumza naye kwa Lubukusu, sauti ya chini, akamkemea kidogo kuhusu shati la watu. Kisha akasema kitu ambacho nilikielewa neno kwa neno. "Nilikuwa napita njia ile ingine," alimwambia. "Miaka yote hiyo nilikuwa napita njia ile ingine."

Yule kijana aliyenishikia ngazi Ijumaa alinitazama, halafu akaangalia usukani wa pikipiki yake.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilikwenda Matulo nikimpelekea sukari na majani ya chai, na kila mara kukhu alinieleza habari za kuka kama mtu aliyerudi kutoka safari. Alikumbuka wimbo. Alikumbuka jinsi alivyokula ugali kwa upande mmoja wa mdomo.

"Hata nikifunga macho namwona," alisema. "Zamani nilikuwa naona anatangulia shambani tu. Sasa anageuka."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, maji, chokaa, jicho kwenye kifungo, pua ya baba. Nilizungumza nikiangalia sakafu. Nilipomaliza alikuwa ameacha mikono yake mapajani, viganja juu.

"Kwa hivyo sijamwona," alisema.

"Hapana, kukhu."

Jogoo aliingia, akatazama, akatoka.

"Ngoja nimtafute shingo," alisema, akafunga macho. Nilisubiri. Nilitamani kitu kimoja tu, kwamba aipate. Alipofungua macho hakunitazama.

"Anageuka," alisema. "Anageuka, na ni huyo wako."

Nililia mpaka akanipa ncha ya kitenge chake. Hakunigombeza. Ningeipokea hasira yake kwa shukrani. Aliniambia jambo moja tu nilipokuwa naondoka: "Usimwambie baba yako. Yeye hakuwa na kitu. Wacha akae na hicho."

Kukhu alikufa mwaka huu, mvua za masika zikianza. Baba alichapisha kijitabu cha mazishi. Ukurasa wa pili alimweka kukhu na kuka bega kwa bega: kukhu kwa picha ya kitambulisho, kuka kwa ile ya ukutani, ambayo baba aliipiga mwenyewe ile Jumapili. Kwa ajili ya kanisa alikuwa ameikata chini ya kidevu, glasi isionekane. Watu mia kadhaa walikishika kijitabu hicho mikononi. Wazee waliokuwa watoto wakati wa kuka walikisogeza karibu na macho. Hakuna aliyesema si yeye. Walimgeukia baba wakasema damu haipotei, tazama pua, tazama jicho. Baba alikuwa akijibu, "Eeh, wanasema hivyo," na kila walipomwambia alisimama wima zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama nikimenya viazi, na nilimenya kimoja mpaka kikaisha.

Nilitaka kutii neno la kukhu. Nilikuwa nimeamua. Lakini wiki mbili baada ya mazishi baba aliniita sebuleni, nyumbani Kitale, akanionyesha nafasi ukutani juu ya kabati.

"Mtoto wangu, nichoree baba yangu hapa, kwenye ubao," alisema. "Unakili vile vile alivyo. Usibadilishe kitu."

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, na ndiyo haikutoka. Nilimwambia. Nilisimama na kusema, kama mtu anayetoa ushuhuda, na mara hii nilimtazama usoni, na ilikuwa vigumu kwa sababu uso wenyewe ndio ule.

Baba aliketi kwenye mkono wa kochi. Alitoa simu yake, akaitazama ile picha, akaizima, akaiwasha. Alijigusa pua kwa kidole kimoja, bila kujua, nadhani.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Nje mtu alikuwa akikata kuni na tulisikiliza shoka.

"Lakini wewe ulimwona," alisema. "Alhamisi. Kabla ya maji."

"Nilimwona."

"Basi niambie. Usichore. Niambie tu kwa mdomo. Jicho lake lilikuwa vipi?"

Nikafunga macho. Niliutafuta ukuta, vumbi nililokalia, masizi, kivuli cha paa kilichokata. Nilimpata amesimama pale, shati begani, na nikasogea karibu ili nione jicho kabla ya kusema, niseme kweli, bila kuongeza. Lilikuwa jicho la baba. Nililisukuma kando nikatafuta lililo chini yake, na chini yake lilikuwepo lile lile tena, lenye mapigo yangu ya brashi, naweza kuyahesabu.

"Sijui, baba," nilisema. "Silioni tena."

Aliendelea kunisubiri, ameinama mbele kidogo, mikono katikati ya magoti, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.